Tulibisha Hodi Ukutani

Madamu wa Jiografia hakuwa mtu wa kusubiri. Hilo nalisema mapema, kwa sababu waliomjua kupitia zile ziara zake za kwenye simu humdhania mama mpole, wa kukaa kibarazani akitazama mawingu yakishuka mlimani. Wapi! Barabara ya Ibighi, hapa Tukuyu, aliipita mkoba ukimgonga mgongoni, salamu akiitoa wakati anayesalimiwa ameshabaki nyuma. Mgahawani aliinuka kwenda kujipakulia mwenyewe. Benki aligombana na mlinzi, kisha na mwenye dirisha, kisha na mteja aliyejaribu kumtuliza. Mwanafunzi aliyechelewa kipindi chake hakuchapwa wala hakufukuzwa. Alisimama nje ya dirisha na kuandika akiwa huko huko, na mvua ya Tukuyu, ambayo haijui likizo, ikimlowesha mabega. "Asiye na muda na sisi abaki nje," alikuwa akisema, na chaki haikusimama.

Mtu huyo huyo ndiye aliyetengeneza ziara ya polepole kuliko zote nilizowahi kuziona. Aliitengeneza kwa sababu ya mguu wangu.

Mguu wangu wa kushoto ulinyauka nikiwa mdogo na ninatembea kwa magongo. Sisemi ili nipewe pole; pole nimepewa za kutosha. Na yeyote anayeniambia "mwenda pole hajikwai" nataka ajue kwamba mimi naenda pole na najikwaa kila siku, tena mahali palipo tambarare. Nilipokuwa kidato cha tatu, Madamu alipanga kutupeleka Lupepo, kwenye korongo moja ambalo mto umelikata hadi matabaka ya majivu ya volkano yanaonekana ukutani kama keki iliyokatwa. Mwisho wa korongo pana maporomoko ambayo hayana jina kwenye ramani yoyote. Tulijiandaa wiki nzima. Siku moja kabla, mkuu wa shule alituita ofisini, Madamu na mimi.

"Huyu abaki," alisema. "Wenzake watamwelezea. Njia inateleza. Akianguka, mimi nitajibu nini?"

"Na akibaki," Madamu aliuliza, "mimi nitajibu nini?"

"Mwalimu, tusibishane mbele ya mwanafunzi."

"Ndiye anayezungumziwa, Mkuu. Tubishane mbele ya nani?"

Alitoka, akaenda moja kwa moja darasani, akatangaza kwamba ziara imefutwa kwa wote. Mkuu naye, kwa kukasirika, akafuta ziara zote za Jiografia hadi atakapotoa taarifa nyingine. Ninyi mnadhani wenzangu walinibeba mabegani kwa furaha? Walininunia. Hata rafiki yangu wa dawati moja alihamia nyuma. Mimi mwenyewe nilimchukia Madamu siku zile, kwa sababu alinifanya niwe jambo la kuzungumziwa.

Jumamosi yake alikwenda Lupepo peke yake, na gambuti zake nyeusi na simu aliyoifunga kwenye mfuko wa nailoni aliotoboa tundu la kamera. Alirudi kule tena, na tena. Kisha akaazima kompyuta ya ofisi na projekta ya kanisani, akabandika shuka jeupe kwenye ukuta wa darasa, akaniita mbele.

"Kaa hapa. Wewe ndiye unayebonyeza. Leo msafara unakwenda kwa mwendo wako."

Picha ya kwanza ilikuwa geti la shule yetu wenyewe. Darasa likacheka. Picha ya pili ilikuwa geti hilo hilo kwa hatua chache mbele. Alikuwa amepiga picha njia nzima kama mtu anayetembea kwa magongo: hapa jiwe la kukwepa, hapa gogo la kukalia, hapa pumzika. Kila penye kupumzika palikuwa na sauti ya mahali pale, maji, ndege, pikipiki iliyopita mbali, na swali moja. Wenzangu walianza kulalamika.

"Oya, bonyeza bwana, hii ziara ina foleni!"

Sikubonyeza. Mara ya kwanza maishani watu arobaini walikuwa nyuma yangu na hakuna aliyeweza kunipita. Kwa nini nibonyeze haraka?

Ndipo tukafika kwa Bibi. Korongo lile huwezi kuliingia bila kupita kwenye uwanja wa bibi mmoja, mjane, mwenye mgomba mbele na mgomba nyuma. Picha ilionyesha uwanja uliofagiliwa na mlango ulio wazi, basi. Nilibonyeza. Haikusogea. Nikabonyeza tena.

"Umeshindwa?" Madamu aliuliza.

"Imekwama, Madamu."

"Haijakwama. Umeingia kwa mtu. Unafanyaje ukiingia kwa mtu?"

Tukatazamana. Kisha mmoja kule nyuma, kwa utani, akasema, "Hodi?"

"Kwa sauti hiyo? Amelala au amekufa?"

"Hodi!" tukapiga kelele darasa zima, tukiuelekea ukuta. "Hodi hodi!"

Kukawa kimya, maana alikuwa amerekodi hata ule muda wa kungoja, jogoo akiwika mbali na kuku akiparua. Halafu sauti ya mama mzee ikatoka kwenye spika, ikianza na salamu ya Kinyakyusa: "Mugonile! Kalibuni, kalibuni bajukuu bangu. Mwatoka wapi?" Na Bibi mwenyewe akaonekana mlangoni, akifuta mikono kwenye kitenge. Akauliza habari za masomo, za wazazi, za mvua ya huko tulikotoka, na baada ya kila swali alinyamaza na kututazama, na Madamu akatukodolea macho mpaka tujibu. Aliyejibu kwa kunung'unika alirudishwa. Mkuu wa shule alisikia kelele akaja hadi mlangoni, akaukuta mkondo mzima umesimama ukiuambia ukuta kwamba wazazi hawajambo. Akarudi ofisini kwake. Bibi aliposema "Haya, piteni, ila msikanyage miche yangu," ndipo picha ilipokubali kusogea.

Tuliyaona matabaka siku ile, lile la jiwe jepesi linaloelea majini, ambalo mama zetu husugulia miguu bila kuuliza limetoka wapi, na udongo mweusi juu yake unaotulisha sote. Lakini ukimwuliza yeyote wa darasa letu leo, ataanza kwa Bibi.

Madamu alikuwa na sheria zake. Neno "nzuri" lilikatazwa kwenye maelezo yoyote. "Nzuri siyo jiografia. Niambie ina nini." Ukungu haukufutwa. Mwenzake wa somo la Kemia alimshauri asubiri siku ya jua apige Mlima Rungwe ukiwa wazi. "Mlima bila mawingu ni wa kalenda," alijibu, na ziara yake ya mlimani, hadi leo, robo tatu ni weupe mtupu na sauti ya mtu anayehema. Alipotutembeza mashamba ya chai, alianza na mikono ya wachumaji kabla ya kijani chenyewe. Alipotupeleka Daraja la Mungu, lile la mwamba wa asili juu ya mto, tulikaa kwanza kwa mama anayeuza maparachichi kando ya barabara na kumsikiliza akieleza maji hupanda hadi wapi masika. Na kila ziara ilikuwa na mlango wa mtu. Ziara isiyopita kwa mtu aliiita wizi.

Nilipomaliza shule nikafungua kibanda cha kutengeneza simu karibu na stendi, nikawa fundi wa ziara zake pia. Yeye anapiga, mimi naunganisha. Usidhani ilikuwa kazi ya raha. Alikuja dukani bila salamu, yeye wa hodi nyingi, akaanza, "Ule mshale wa pili wa kuonyesha njia umeuweka kwenye tope." Asante yake nilikuwa siijui. Nilipomwambia siku moja kwamba anafundisha ustaarabu ambao mwenyewe hana, alifikiri kidogo, akasema, "Ndiyo maana naufundisha. Aliyenao haoni kama unafundishika." Kisha akaniuliza tena habari ya mshale.

Ziara zilisambaa bila ruhusa ya mtu, simu kwa simu, kadi kwa kadi. Mwalimu mmoja wa Singida, ambako ardhi ni tambarare na kavu, alituma sauti: wanafunzi wake wakipiga hodi kwa nguvu, na mmoja akimjibu Bibi kwamba huko kwao mvua bado. Madamu aliisikiliza dukani kwangu akiwa amesimama, akaomba niirudie. Uso wake sikuwahi kuuona hivyo. Kisha akasema, "Yule wa mwisho hajamwuliza Bibi hali yake," akaondoka.

Hapo ndipo mkubwa mmoja wa elimu alipokuja. Mtu safi, mwenye viatu ambavyo havikuwa vimejiandaa kwa Tukuyu. Aliipenda ziara ya korongo. Alitaka iingizwe kwenye vishikwambi vya shule nyingi.

"Ila hapa mwanzoni, Mwalimu, pana muda unapotea. Huyu bibi. Na Kiswahili chake, unajua, kina lafudhi. Tuweke mtangazaji. Tuanzie kwenye maporomoko."

"Watafikaje kwenye maporomoko?"

"Watabonyeza."

"Bila kupita kwa mwenyewe?"

"Mwalimu, mtaala hauna kipengele cha kusalimiana."

"Basi mtaala haujafika Lupepo," alisema, akamfungulia mlango atoke.

Nilimgombeza Madamu baadaye. Shule nyingi! Watoto wenye miguu kama yangu wangapi, ambao wanaachwa darasani wasimuliwe? Aliniacha niseme mpaka nikachoka. "Ukikata pale pa kungoja," alisema, "umekata nini?" Nilijua jibu. Ningekuwa nimekata mwendo wangu. Ziara ile ilikuwa mahali pekee ambapo watoto wenye haraka walilazimishwa kusimama, na wakiondolewa kusimama, mimi narudi nyuma kule kule ambako wenzangu wangenielezea.

Sasa niseme habari ya ndizi, ambayo ilitangulia hayo, tulipokuwa kidato cha nne.

Bibi wa Lupepo alikuwa na mkamwana wake, anayeuza ndizi sokoni Tukuyu. Mkamwana aliiona ziara kwenye simu ya mteja, akarudi nyumbani akamweleza mama mkwe: watoto wa shule wanaingia kwako kila wiki, mama, wanapiga hodi, unawakaribisha, wanapita. Bibi alifadhaika. Alikuwa anakumbuka kweli kwamba mwalimu mmoja mwenye gambuti alimwomba asalimie "wanafunzi watakaokuja". Kwa hiyo walikuja? Wameingia uwanjani kwake, amewakaribisha kwa mdomo wake mwenyewe, na wameondoka na njaa? Watu watasema nini juu ya nyumba hii? Alimwambia mkamwana awaulize wanafunzi wanaopita sokoni siku ya kipindi. Ijumaa, wakamjibu. Ijumaa ile Bibi akachemsha ndizi sufuria kubwa, akapika maharage, akatenga na maziwa mtindi, akakaa mlangoni. Ndizi zikapoa.

Jumatatu mkamwana alifika shuleni na beseni kichwani, akalitua kwenye meza ya walimu. "Mama amesema, wale wa Ijumaa wamesahau chakula chao."

Walimu walicheka hadi machozi. Bibi anawapikia watoto wa kwenye simu! Madamu hakucheka. Alilifunua beseni, akachukua ndizi moja baridi, akaila yote akiwa amesimama, akatafuna polepole kwa mara ya kwanza machoni petu. Kisha akaenda kwa Mkuu, nasi tukasikiliza dirishani bila aibu.

"Ziara zimefutwa, Mwalimu."

"Si ziara, Mkuu. Tumealikwa chakula."

"Ni kitu kile kile."

"Ziara unaifuta wewe. Mwaliko anaufuta mwenyeji. Nenda Lupepo kamwambie yule mama kwamba watoto waliomsalimia hawaji kula, na umwambie ni kwa nini. Mimi siwezi."

Mkuu alikuwa mtu wa huku huku, amelelewa na bibi. Mwishowe akauliza, "Na huyu wa magongo?"

"Huyo ndiye kiongozi wa msafara. Amekwishapita njia hiyo mara nyingi kuliko sisi."

Tulikwenda kwa Fuso la chai hadi barabara ilipoishia, kisha kwa miguu. Nilitangulia. Nililijua kila jiwe, nilijua gogo la kukalia liko wapi, na wenzangu walisimama niliposimama bila kuambiwa, maana walikuwa wamezoea kusimama hapo. Nilianguka mara moja, kwenye utelezi. Hakuna aliyekimbia kuniinua kwa kelele. Madamu aliwatazama tu, nikainuka mwenyewe na tope langu. Na Mkuu, aliyeogopa atajibu nini nikianguka, hakuulizwa na mtu yeyote.

Uwanjani tukapiga hodi. Bibi akatoka akifuta mikono kwenye kitenge, vile vile kama ukutani. Akatusalimu wote, akanifikia mimi, akanishika mkono akauacha ndani ya wake.

"Na wewe, umechelewa," alisema. "Benzako bamepita zamani."

"Nilikuwa nakuja, Bibi."

"Ndaga, asante. Keti ule."

Nililia nikila, na sitaki mtu aniulize kwa nini. Mwaka ule, na hata miaka iliyofuata, sikuwahi kula ndizi tamu kama zile.

Yapo niliyomkasirikia Madamu na bado namkasirikia. Alipokosea hakukubali. Wazazi wangu walipomletea kuku wa shukrani alimrudisha, akasema hakufanya kazi ya kuku, na mama aliumia. Na alizitengeneza ziara za ukutani kwa miaka, huku akimdharau kila aliyetosheka nazo. "Kuona si kufika," aliwaambia wanafunzi wenye miguu mizima waliosema wamekwishaliona korongo. "Mmepiga hodi tu. Hamjaingia." Nilimwuliza, na mimi je, milima nisiyoweza kuipanda? Akanijibu bila kupepesa, "Na wewe pia hujafika. Usikubali mtu akuambie umefika." Ilinichoma. Baadaye nikaona kwamba wengine wote walikuwa wananidanganya kwa upole.

Alistaafu akahamia Masukulu. Mwaka huu yule mkubwa wa elimu alinipigia simu. Sasa vishikwambi viko tayari, na miwani ile ya kuona pande zote, na wao wenyewe wamelipiga korongo upya kutoka angani. Wanachohitaji ni njia yetu ya chini, yenye maswali yake. Sharti lilikuwa lile lile, na safari hii alikuwa na hoja. Bibi amefariki. "Si vizuri watoto kukaribishwa na marehemu," alisema kwa sauti ya taratibu. "Mtoeni tu. Mheshimuni."

Nilichukua miwani ya mfano waliyonitumia, nikaenda Masukulu. Nilimkuta Madamu kwenye kiti cha plastiki, mkongojo umeegemezwa ukutani, magoti yamemchoka. Kuinuka anipokee kulimchukua muda, na alitukana muda huo wote. Nilimvisha miwani. Aligeuza kichwa huku na huku. Maporomoko yote, kutoka juu, na muziki. Akaivua.

"Nani amenikaribisha?"

"Hakuna, Madamu. Inaanzia pale pale."

"Nimeingia kwa watu bila hodi," alisema, "uzeeni." Akanirudishia kama mtu anayerudisha kitu cha mwenyewe.

Nikamweleza sharti. Nilikuwa nimejiandaa kwa ngurumo. Badala yake akakiri kitu ambacho sikukitegemea. "Kuhusu marehemu amesema kweli. Mtoe. Mpumzishe."

"Na hodi?"

"Kwani nyumba imefungwa?"

Kesho yake tulipanda bajaji hadi barabara ilipoishia. Tukaanza kushuka, yeye na mkongojo wake, mimi na magongo yangu. "Twende kwa mwendo wako," alisema. Nikamwambia leo mwendo wangu ndio wa haraka. Alinitukana kwa Kinyakyusa, na tukapumzika pote ambapo ziara inapumzika, kwa sababu sasa alipahitaji.

Uwanja ulikuwa umefagiliwa. Mlango wazi. Nikawasha simu, nikaielekeza mlangoni.

"Hodi!" alisema Madamu.

Kimya. Kuku akaparua. Mkamwana, ambaye sasa ndiye mwenye nyumba, alikuwa bondeni, mtoni labda. Simu yangu ya pili ikaita mfukoni. Ni yule mkubwa. Nikapokea.

"Vipi, mmekubaliana? Tuanzie kwenye maji?"

"Inaanza kwa hodi, Mheshimiwa."

"Lakini watoto hawana muda wa..."

"Asiye na muda abaki nje," nilisema, nikaikata.

Madamu hakugeuka. Alikuwa amesimama katikati ya uwanja, mikono yote miwili juu ya mkongojo, yeye aliyegombana na kila foleni ya Tukuyu, akingoja. Manyunyu yakaanza. Nilimwuliza kama nizime kamera mpaka mwenyeji apatikane, akatikisa kichwa. Tukalowa mabega. Kisha kule chini, kati ya migomba, sauti ikaitika, bado iko mbali:

"Karibuni! Nakuja! Leo hampiti bila kula!"